Filta Iliyoanikwa na Mwani

Usi alikuwa mtu wa kuchoka. Si mvivu, la! Mchovu. Utu uzima wake wote kaumaliza kwenye njia ya Jambiani na mjini akibeba mwani wa watu, na usingizi wake ulikuwa wa kuibia: mara kwenye usukani akisubiri kupakua, mara kwenye kiti cha kinyozi. Mkewe, Badria, alishazoea kumsimulia jambo, akafika katikati na kumkuta mwenziwe keshakoroma.

Kirikuu alichokiendesha, kile kigari kidogo cha mizigo, hakikuwa chake. Kilikuwa cha Bi Mashavu, mjane wa Jambiani, anayenunua mwani kwa wanawake wenzake na kuupeleka mjini. Na Bi Mashavu, jamani, alikuwa na ugonjwa wa kuosha. Magunia, kamba, mifuko ya sukari, kila kitu kwake kilioshwa, kikaanikwa, kikatumika tena. Usi alipomwambia filta ya oili imekwisha, inunuliwe nyengine, Bi Mashavu aliichukua ile ile kuukuu, akaisukutua kwa mafuta ya taa, akaianika juani pamoja na mwani. Jioni akamrudishia.

"Haya, mpya hiyo. Kaifunge."

Usi akaitazama. Alitaka kubisha, akaona kubisha nako ni kazi. Akaifunga.

Basi injini ikanoki, ikafa kabisa, pale Kitogani, na mzigo juu. Bi Mashavu alipopata habari hakuuliza mara mbili: Usi, kwa usingizi wake ule, kaendesha gari bila ya oili. Usi akaapa kwamba asubuhi ile ile aliipima na stiki ilionesha imejaa. Nani amsikilize? Taa ya oili kwenye dashibodi ilishakufa siku nyingi, hata ya kumwonya haikuwepo. Bi Mashavu akatangaza mbele ya majirani: Alkhamisi, baada ya laasiri, walimu wanakuja kusoma halbadiri. Aliyeiua injini yake, imshukie.

Halbadiri si mchezo, bwana we. Watu wa huku wakisikia inasomwa, hata asiye na kosa hujipapasa. Wanaamini humfuata mkosa popote alipo, imtie maradhi au imtoe roho. Badria akalia mpaka macho yakamvimba.

"Nawasome," Usi alimwambia. "Mie sikukosa, haitonipata." Lakini lililomuuma ni kuitwa mwongo na mtu aliyemtumikia kwa uaminifu. Hilo lilimchoma kuliko kisomo.

Alkhamisi mchana akaitwa gereji, Kikwajuni, mjini. Fundi Simai alikuwa keshaitawanya injini chini.

"Oili yako ilikuwamo," alisema. "Tele."

"Si nlisema mie!"

"Ilikuwamo, lakini haikupanda." Simai akachukua msumeno, akaikata ile filta. Karatasi ya ndani ilikuwa imelainika na kuchanika vipande vipande. Vipande hivyo, alieleza, vimekwenda kuziba vijia vya oili. Huku chini imejaa, kule juu kukavu, vyuma vikasagana mpaka vikakamatana.

"Kikopo hichi tu kiue injini nzima?"

"Kinaua. Hii filta imeoshwa. Nani kaiosha?"

Usi akaichukua filta. Furaha yote ilimtoka. Aliyeiosha ndiye huyo huyo aliyewaita walimu, na muda si mrefu laasiri itaadhiniwa. Maskini, mtu anajisomea mwenyewe na hana habari! Akaitia filta mfukoni, akapanda bodaboda, na uchovu wake ule, hadi Jambiani nyumbani kwa Bi Mashavu.

Akakuta ubani ushafukizwa, walimu wamekaa mkekani, ukumbi umejaa majirani. Akisema kweli, atamuumbua mama wa watu mbele ya mji mzima. Asiposema, kisomo kinaanza.

"Subirini!" alisema, anatweta. "Injini nimeiua mie. Naomba radhi."

"Si tulisema!" jirani mmoja akadakia. Mwalimu mkubwa akafunga kitabu. Aliyekiri akaomba radhi hasomewi.

Bi Mashavu akamvuta kwa hasira mpaka kwenye mlango wa uani. "Siku zote hizi waapa, Usi! Kumbe muongo!"

Usi akatoa filta mfukoni, akampa. "Ndiyo iliyoua, Bi Mashavu. Uliiosha wewe, nikaifunga mie. Fundi kaniambia leo."

Bi Mashavu akazitazama zile karatasi zilizochanika. Uso ukamshuka. "Sasa kwa nini umejitia wewe?"

"Walikuwa wanakusomea wewe. Ukianguka, n'tamwendeshea nani?" Usi akakaa chini pale pale, akaegemea mlango. "Nshachoka, Bi. Nipumzike kidogo."

Bi Mashavu alisimama na hofu, na haya, na machozi. Kisha akarudi ukumbini, walimu wakinywa chai.

"Nisikilizeni nyote," alisema. "Injini nimeiua mimi. Filta nliiosha kwa mikono yangu. Usi alisema kweli tangu siku ya mwanzo, mie ndiye niliyemzulia."

"Umeosha filta?" mmoja akauliza, na kicheko kikamponyoka.

"Nliiosha. Na nikaianika." Akageukia mlango wa uani. "Usi, mbele ya watu hawa, nisamehe."

Usi alikuwa keshalala, kinywa wazi. Neno alilolingoja siku zote hizo limesemwa hadharani, naye hakulisikia. Jirani akainuka kumtikisa.

"Mwache!" Bi Mashavu alimkemea, akenda kumtafutia mto. "Akiamka n'tamwambia tena. Na nyie msiondoke."