Wiki ya Kuchezesha Arusi

Mdogo wangu alipohamia Kanada na mumewe, aliniachia kompyuta yake ya mezani ili tuwe tunaonana. Kila Jumapili, nikishasali alasiri, nilikaa mbele yake sebuleni. Kwake bado ilikuwa asubuhi. Nilimwona akinywa chai, kitambaa cha kulalia kingali kichwani. Wazazi wetu wameshafariki. Katika nyumba hii ya Uvira, ambamo tuliwahi kuishi watu kumi na mmoja, nimebaki peke yangu.

Mwaka jana kompyuta ikaanza kukata. Katikati ya neno kioo kinakuwa cheusi, kisha inajiwasha yenyewe. Nilidhani ni umeme, lakini taa ilikuwa inawaka. Nikadhani ni joto. Nikafungua ubavu wake, nikapangusa vumbi kwa brashi. Jumapili iliyofuata mdogo wangu alisema nyumba iuzwe, na mazungumzo yakakatika tena. Nilipompata upya alikuwa amekasirika.

“Yaya,” akaniita, kama tunavyowaita dada wakubwa kwetu, “weye unanikatia.”

“Minye sikukati. Ni mashine.”

“Kila nikitaja nyumba, mashine inakufa?”

Baada ya hapo hakupokea kwa Jumapili tatu.

Nikaibeba kwa pikipiki hadi mtaa wa Kimanga, kwa fundi mmoja, mama wa makamo aliyeanza kwa kutengeneza redio kwao Lubarika. Alikaa nayo kutwa nzima, haikuzimika hata mara moja.

“Mama, iko muzima,” akaniambia.

Nikairudisha nyumbani, na jioni ileile ikakata. Kesho yake fundi alikuja mwenyewe. Akaifungua, akanionyesha vipande viwili vyembamba vya kumbukumbu ya mashine, yeye akiviita bareti.

“Pengine moja imeharibika. Pengine si hizi. Ugonjwa wa kuja na kwenda, muntu anaukamata kwa kuungojea tu.”

Akachomoa bareti moja, akaniagiza niache video ikicheza kutwa bila kupumzika, niandike daftarini kila inapokata. Siku tatu zikipita, niitoe ile iliyobaki na kuweka hiyo aliyoichomoa.

Video ndefu niliyokuwa nayo ni moja tu: arusi ya mdogo wangu, iliyofanyika uani kwetu. Basi nikapika huku nasikia vigelegele. Nikafua huku nasikia sauti ya mama akigombana na wapishi juu ya chumvi ya pilau. Ikifika mwisho, inaanza upya. Jirani akachungulia mlangoni.

“Kuko arusi hapa, na hamukunialika?”

Nikamweleza kuwa ni kazi ya fundi. Akacheka, akaenda zake. Nilitaka kumwambia aingie, ila alikuwa amekwisha kuvuka barabara.

Siku ya pili nilijikuta nawajibu. Mama akiuliza chumvi iko wapi, nasema nimeshaitia. Siku ya tatu nikala chakula changu mbele ya kioo, pamoja na wageni.

Daftari lilibaki tupu. Nikabadilisha bareti, taratibu kama ninayeng’oa jino la mtoto. Hazikupita saa mbili: bibi arusi alikuwa anashuka garini, mguu mmoja ungali hewani, kioo kikawa cheusi. Siku hiyo ilikata mara nne. Nikampigia fundi.

“Basi tumeikamata!” akasema. Alifurahi kuliko mimi.

Nikarudisha bareti nzima, na Jumapili nikapiga Kanada. Safari hii mdogo wangu akapokea. Nikamsimulia yote, hata daftari nikamwonyesha. Alisikiliza akizungusha kikombe chake.

“Kumbe ilikuwa mashine kweli,” akasema. “Hata ile siku ya nyumba?”

Ningeweza kusema ndiyo. Bareti mbovu ilikuwa mezani, ushahidi wa kutosha.

“Hapana. Siku ile niliizima minye, kwa kidole changu.”

Akakiweka kikombe mezani. Kisha akauliza kama paa la jikoni bado linavuja. Nikamwambia linavuja. Tukaongea saa nzima: mvua za huku, theluji za kwake, mtoto wake anayekataa kula ugali. Nyumba hatukuitaja.

Mpaka leo haijauzwa. Mwezi huu ameniomba nimpimie vyumba, kimoja kimoja, nimwandikie urefu na upana. Nimeazima kamba ya kupimia kwa jirani. Bado sijaanza.