Shemeji Yangu Yuko Ulaya kwenye Mbio za Pikipiki

Admin, naomba unifiche jina kabisa, maana mama yangu anausoma ukurasa huu kuliko anavyoisoma Biblia.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, Mtanzania, naishi Crescent Town hapa Toronto. Nimeachika, sina mtoto, na kazi yangu ni fundi pikipiki. Narudia ili isomeke vizuri: fundi pikipiki, mwaka wa tisa sasa. Kwa mama, upande wa Etobicoke hapa hapa mjini, neno hilo halitamkwi. Kanisani huwaambia watu niko "ofisini". Nikienda kumsalimia ananishika mikono kwanza, anakagua kucha kama mwalimu wa zamu, ndipo aseme marahaba. Ofisi gani hiyo yenye oili, mwulizeni yeye.

Sasa mdogo wangu wa mwisho, nimwite Rehema, akapata mchumba. Kijana mtanashati, maneno mengi, marashi mengi zaidi. Mwezi wa pili akatuaga kwamba amepata kazi Ulaya, fundi wa timu ya mbio za pikipiki, zile mbio zinazotumia pikipiki za kawaida za dukani zilizoongezewa makali. Angezunguka na timu msimu mzima, Italia, Uholanzi, Hispania, kisha arudi mwezi wa kumi afunge ndoa. Jamani! Mama yule yule anayenikagua kucha akapiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta. Akampa na jina: Injinia. Spana zile zile, oili ile ile, lakini zikishikwa na mwanaume anayenukia marashi zinaitwa uinjinia.

Basi kila Jumapili yenye mbio, kwa kuwa mchana wa Ulaya ni asubuhi huku, familia nzima inakaa mbele ya runinga kabla ya kwenda kanisani, inamtafuta Injinia. Hawajawahi kumwona, lakini wanashangilia. Mama hajui nani anashindana na nani, anampigia makofi yeyote aliyevaa nyekundu. Siku moja nikajaribu kueleza kwamba pikipiki za mbio zile hazina taa za mbele, zile zinazoonekana ni stika tu. Akanikata: "We nyamaza. Ingekuwa hivyo Injinia angetuambia."

Injinia alikuwa anatuma picha kwenye grupu la familia. Jumapili moja ya mwezi wa nane akatuma moja amechutama kando ya pikipiki, chini kaandika: "Leo Italia, tumeshinda." Mama akajibu kwa mioyo kumi. Mimi nikaikuza ile picha. Kwanza, Jumapili ile hapakuwa na mbio popote, msimu ulikuwa mapumzikoni. Halafu pikipiki ina taa halisi na vioo vya pembeni. Na mkono wa breki ni mwekundu wakati wa klachi ni mweusi. Ule mwekundu niliufunga mimi mwenyewe, kwa sababu myeusi ilikuwa imekwisha. Ilikuwa pikipiki ya mteja wetu, dada mmoja wa Mississauga, mji wa jirani tu na hapa.

Nikanyamaza, nikasubiri. Wiki chache baadaye yule dada akaileta imwagwe oili, akasema mume wake angeipitia saa kumi. Saa kumi marashi yakaingia kwanza, mwenyewe akafuata. Familia ilikuwa imenificha vizuri mno, hata yeye alijua niko ofisini.

"Shem?" akasema. "Unafanya nini hapa?"

"Niko kazini. Vipi Italia, Injinia?"

Akaanza kunong'ona kama mtu aliye msibani. "Shem, nisikilize. Yule ni wa makaratasi ya ukaazi tu. Yakitoka naachana naye, nakuja kwa Rehema. Nampenda kweli. Usiniharibie, nakuomba."

Nikamuuliza swali moja tu: pikipiki hii inakunywa oili lita ngapi? Akatazama dari. Msimu mzima Ulaya na hajui. Nikamkabidhi funguo.

Sitawaficha, nilikuwa na raha. Sikumwambia mtu. Nilitaka harusi ifike, ukumbi ujae waumini, mama akae mbele na kilemba chake, ndipo yule dada wa Mississauga aingie. Nilikuwa tayari kumwelekeza mlango mwenyewe. Niliwadharau wote kiasi hicho.

Katika hesabu zangu Rehema hakuwemo. Na Rehema ndiye pekee nyumbani kwetu anayekuja gereji. Ananiletea wali maharage, anakaa juu ya tairi kuukuu, tunakula wote. Juzi alikuja na hakufungua chakula. Amekulia hapa, Kiswahili chake kinachanganyika.

"Dada, mimi siamini mama, siamini watu wa church," akasema. "Wewe ndiyo unaijua hii kazi. Zile picha zake, are they real? Ukisema ni kweli, siulizi tena."

Nikamwambia ni kweli.

Nilisema hivyo kwa sababu nilishaiona sura ya mama siku ya harusi na sikutaka kuikosa. Rehema akanikumbatia nikiwa na ovaroli yangu chafu, blauzi yake ikaingia oili, akacheka, tukala wali.

Mbio za mwisho ni Jumapili ijayo, Hispania. Injinia "anarudi" wiki inayofuata na kadi zimeshagawiwa. Nikisema sasa, mama ataniambia ni wivu wa mwanamke aliyeachika, hilo nalimudu, nimezoea. Nyinyi nanyi nitukaneni mpaka mchoke, nastahili. Lakini mkimaliza mnisaidie hapa: Rehema ataniuliza nilijua tangu lini. Nimjibu nini?