Imakulata na Kiraka cha Mashua

Mwaka 2003, mkoa wa Manyara ukiwa bado mchanga, Imakulata alikuwa fundi cherehani pale Katesh. Alizaliwa Maretadu, akajifunzia kushona kwa masista, na tangu malori ya wafanyabiashara binafsi yaanze kufuata mahindi na maharage, alikuwa anashona maturubai zaidi kuliko magauni.

Siku moja mzee Gidahosh, mfugaji wa Basotu, alifika na mkokoteni wa punda. Juu yake kulikuwa na mashua ndogo ya tanga, ya faiba, pamoja na mlingoti wake. Mzungu mmoja wa mashamba ya ngano aliiacha alipohama, mzee akaichukua iwe hori la kunyweshea ng'ombe. Lakini ilivuja, tumboni ilikuwa na ufa wa urefu wa mkono.

Imakulata alimpa shikamoo. Mzee akaitikia, kisha akamwomba aushone ule ufa kama anavyoshona maturubai. Imakulata alibana kicheko. Ila alipopitisha kiganja ubavuni, akaona nyuzi zikichungulia pale palipovunjika. Kumbe mashua nayo ilikuwa vazi tu, vazi gumu. Akaikubali kazi.

Kesho yake alipanda basi mpaka Babati kwa Joakimu, fundi bodi aliyekuwa akiunga bampa za magari. Joakimu alimpa mkeka wa faiba, nyuzi fupifupi zilizolala ovyo, na gundi yake yenye harufu kali, akisema ndivyo wanavyotumia wote. Imakulata hakumsikiliza vizuri. Alikuwa ameona pembeni jora la faiba iliyofumwa, jeupe, na vidole vyake vilishafika huko. Joakimu akamweleza kwamba hiyo hutumiwa na gundi nyingine, epoksi, inayochelewa kukauka lakini inang'ang'ania hata faiba ya zamani. Imakulata akaomba kidogo cha kila kimoja.

Alibandika viraka viwili kwenye kipande kilichomeguka kutoka kwenye mashua, akangoja siku tatu, kisha akamwomba mzee apige kwa fimbo. Mkeka ulibanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Kile kilichofumwa kiligoma. Mzee akakazana, fimbo ikavunjika, wakacheka mpaka wenye maduka wakatoka kuchungulia.

"Tuchukue hiki, mzee," Imakulata alisema. "Nikikikata mshazari, kitalala kwenye tumbo lake kama sketi."

Akarudi Babati kuchukua cha kutosha. Alipiga msasa, akaianika mashua ikauke kabisa, akakata viraka vitatu, kidogo, cha kati na kikubwa, pembe zote akizikata mviringo ili zisifumuke, akavibandika kimoja juu ya kingine. Epoksi ilipokauka, akashona na tanga la turubai, ambalo hakuna aliyemwagiza.

Wakaenda kuijaribu Ziwa Basotu. Imakulata aliingia kuangalia kama kiraka kinavuja. Kilikuwa kikavu. Akavuta kamba ya tanga, upepo wa asubuhi ukajaa kwenye turubai, na mashua ikaondoka naye. Hakujua kugeuza wala kusimamisha. Alipiga vigelegele ziwa zima mpaka matete ya ng'ambo yakamdaka, na Gidahosh, mzee wa miaka sabini, akazunguka ufukweni akikimbia, shuka mkononi.

Alifika akihema. Aliitazama mashua, kisha tanga.

"Hori nitachonga jingine," alisema. Akavua makubadhi yake, akayaweka vizuri kwenye nyasi, akapanda. "Sogea, binti. Tuondoke kabla upepo haujatulia."