Mbegu ya Tomati ku Tumbo ya Nkambo

Siku ile tulifungua kitambala ku tumbo ya nkambo, nyanya yangu mwenye alinikomesha, akanilea toka mutoto, ngozi yake ilikuja pamoja nayo. Mbegu ya tomati mule ndani ilikuwa nyeusi, inanuka sawa asidi ya batri. Hakulia. Aliuliza tu: "Kuko hata moja yenye ilitoa muzizi?" Nikamudanganya, nikasema iko.

Masomo yangu ilishia mwaka ya ine ya primeri. Mwenye kucheka namna ninaandika, acheke.

Kama ulikomea, ulikulia hapa kartie yetu ya Kasungami, rafiki, unajua baridi ya mwezi wa saba. Midomo inapasuka, na mbegu ukiiweka mu udongo inalala tu, haiamuki. Njo maana bamama betu walikuwa na namna yao: unalowesha mbegu, unaifunga mu kitambala, unaikazia ku tumbo chini ya kikwembe ya kujifunga, siku tano, siku sita. Mbabula, jiko ya makala, inaunguza; tumbo inajua kipimo. Na mayi ilipaswa kutoka mu kamto kale ka nyuma ya shamba, ili mbegu izoee mayi yenye itakunywa.

Nkambo njo alikuwa na tumbo ya moto kupita bote ku avenue yetu. Bajirani walikuwa banamuletea mbegu zao abebe.

"Nkambo, mimba ingine? Na bwana iko mu kaburi!" jirani anamuchokoza.

"Ni ya bwana yako. Umuulize alishinda wapi jana."

Siye batoto tunacheka mpaka munkoyo tunayokunywa inamwangika. Mimi nilipewa pilipili, nibebe chini ya tiriko, sweta ya masomo. Mwalimu akaniona najikuna. "Iko nini mule?" "Pilipili, mwalimu." "Inazaliwa lini?" Darasa yote ikaanguka na kicheko. Lakini siku ya posho, Jumamosi, alimutumia nkambo mbegu zake, zimefungwa mu karatasi ya kayé, ya daftari. Na asubuhi ya kufungua! Moshi ya makala, bukari, ugali ya jana, inachomwa, nkambo anafunua polepole, na kila mbegu imetoa kamukia keupe sawa jino ya kwanza ya mutoto.

Miaka ikapita, nkambo akazeeka, usine, kiwanda ya shaba, ikajengwa kule juu ya kamto. Shefu wa kartie, mukubwa wa mtaa wetu, njo alitia saini. Samaki ikaelea, mboga ya lengalenga ikaungua majani. Tulilalamika, mukurugenzi wa usine akatuma kijana na kofia ya plastiki: "Ni matope tu, bamama, musiogope." Yeye mwenyewe alikuwa anakunywa mayi ya chupa.

Baridi ya mwaka jana, kifurushi ya kwanza ya nkambo ilikufa. Akasema mwili wake umepoa, amezeeka. Akafunga ya pili, akaikaza sana, akailowesha asubuhi na magaribi na mayi ileile ya kamto. Siku ya tatu ananiita na furaha: "Mwanangu, nasikia moto! Tumbo ingali inatumika!" Na mimi, mjinga, nilipiga vigelegele.

Ilikuwa asidi ya usine, si moto yake.

Alikufa kabla mvua ianze. Lakini kwanza, na kile kidonda, alizunguka kwa bajirani akiomba musamaha juu ya kuharibu mbegu zao. Usine ikaandika karatasi: muzee alijichoma na mbabula. Shefu akapiga muhuri.

Leo bamama wananunua miche ku soko, hakuna anayechokozwa juu ya mimba ya tomati. Mimi ninabeba bado, na mayi ya forage, kisima ya kuchimba, na sitaacha. Juzi niliingia mu buro ya shefu na kitambala yangu ku tumbo, nikamuambia aandike upya ile karatasi ya kifo. "Mama, uende kwa mukurugenzi." Ku mulango ya usine, mulinzi: "Mama, uende kwa shefu." Nimeenda, nimerudi, na nitaenda tena kesho.

Wewe shefu mwenye ulipiga muhuri, na wewe mukurugenzi mwenye ulifungulia ile mayi: sitaki pole yenu. Mushuke huku kwa miguu, mupite kwa kila jirani mwenye nkambo alimuomba musamaha, nyumba kwa nyumba, mubishe hodi, museme na mudomo yenu ni nani alimuchoma. Mutakuja siku gani?