Mistari ya Mpakani

Enzi zetu zizi lilikuwa linahama! Ndiyo, zizi lenyewe, na miiba yake na ng'ombe wake, na sisi watoto nyuma tukipiga vigelegele utadhani kuna harusi. Wewe uliyekulia vijiji vya Dutwa unajua ninachosema. Kama umesahau, vuta kigoda ukae nikukumbushe, maana leo nina furaha. Sababu nitaisema, usiniharakishe.

Kila kiangazi, pamba ikishauzwa, baba alitangaza siku. Wanaume walikata miiba mipya wakazungushia kipande kingine cha shamba letu lililo nyuma ya nyumba, na jioni ng'ombe wakaingizwa makao mapya. Pale walipotoka palibaki samadi nene, na mvua zikija ndipo mahindi ya nyumbani yalipopandwa. Siku hiyo hakuna aliyetutuma kuni wala maji. Tulikunywa maziwa mgando mpaka matumbo yakawa ngoma. Mama alichemsha michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, tukala na karanga zilizotwangwa. Oo, michembe! Watoto wa siku hizi ukiwapa wanauliza kama ina ketchapu.

Bibi yetu Kabula, mama yake baba, ndiye aliyeingia wa kwanza katika zizi la zamani. Aliingia peku, anakanyaga na kuimba, na sisi tunakanyaga nyuma yake. Harufu ile wajukuu wangu wanaziba pua wakiisikia. Kwetu ilinukia sikukuu. Bibi alikuwa na msemo wake: "Ng'ombe amekula kwako, na shamba nalo lile kwa ng'ombe." Aliusema kila mwaka, na kila mwaka tulimwitikia kwa makofi.

Basi mwaka mmoja baba akarudi kutoka Bariadi mjini na baiskeli, nyuma kwenye keria kafunga mfuko wa mbolea ya chumvichumvi. Weee! Tuliukimbilia. Punje nyeupe, safi, hazinuki mavi! Baba alikuwa ameona shamba la mtu huko njiani, mahindi yamemzidi kimo. Tangu hapo hakulala. Akasema mwaka huu zizi halihami. Atalijenga moja kwa moja kwa magogo, pembeni ya nyumba, na samadi atakayeitaka aje achukue.

Bibi alikuwa anapepeta mtama. Akaweka ungo chini.

"Masanja, umesema zizi halihami?"

"Mayu, dunia inakwenda mbele," baba akajibu. Kwetu mama huitwa mayu, na baba alilitamka taratibu, kwa heshima, lakini alikuwa ameshaamua.

"Iende. Mimi nakwenda Nyashimo. Shamba lisilotaka ng'ombe wangu halinitaki na mimi."

Nyashimo aliishi baba mdogo. Tulidhani ni hasira ya siku moja, kumbe bibi hakuwa mtu wa mchezo. Akafunga kitenge chake, akatia ndani kibuyu na blanketi, akapitisha mpini wa jembe lake kwenye fundo, akaliegemeza furushi mlangoni. Jamani, nililia! Nani atatuficha fimbo ya mama ikinyanyuka? Nani atatusimulia habari za fisi mjinga? Sisi watoto tulikuwa tunalala naye chumba kimoja, tunagombania nani alale karibu na mgongo wake. Nyumba bila bibi nilikuwa siijui, na nilikuwa sitaki kuijua.

Mama ndiye aliyepata akili. Alisema, "Mafahali wawili hawakai zizi moja, lakini shamba moja wanaweza kukaa. Gaweni." Wakakubaliana. Zizi lihame mara ile moja tu, kisha shamba ligawanywe kwa kamba ya katani. Huku baba na chumvi yake, huku bibi na samadi yake. Upande wa baba ukishinda, zizi litajengwa kwa magogo na bibi ataondoka. Upande wa bibi ukishinda, zizi litaendelea kuhama na baba atanyamaza. Furushi likabaki mlangoni likisubiri mavuno, na mimi kila nikiamka nilikwenda kwanza kulitazama kama bado lipo.

Siku ya kupanda ilikuwa vurugu tupu! Baba alipima mbolea yake kwa kizibo cha soda. Mtaalamu wa kilimo alimwambia kizibo kimoja kila shimo, lakini baba kwa ile hamu yake akajaza mlima, tena akaiweka palepale juu ya mbegu. Bibi naye hakuwa na subira. Alituambia tusombe samadi mbichi kutoka zizi jipya, ile inayotoa mvuke asubuhi, tuimwage upande wake bila kipimo. Tulisomba kwa makarai na vikapu, tunacheka, tunasukumana, nyingine inamwagika pale kwenye kamba. Na baba akifika kwenye kamba kugeuza, mkono wake ulirusha punje ovyo, zikatawanyika kidogo kidogo huku na huku. Hakuna aliyejali. Nani anahesabu vya mpakani?

Mvua ikanyesha vizuri, mahindi yakatoka, halafu ikakata. Tunaijua mvua yetu ya Simiyu, inakubusu kisha inakukimbia. Upande wa baba, ile mimea iliyowahi kuchomoza ikababuka pembeni ya majani kama imepitishwa motoni, na mashimo mengine hayakutoa kitu. Bibi akapita pale anaguna, mmh, mmh, kwa furaha isiyofichika. Lakini furaha yake haikufika mbali. Upande wake samadi mbichi ilileta magugu yote yaliyoliwa na ng'ombe mbugani tangu masika, na mahindi katikati ya magugu hayo yalikuwa ya njano, membamba, yanatia huruma. Baba naye akaanza kupita huko anakohoa kwa makusudi. Tulipalilia mpaka viganja vikatoka malengelenge.

Nikaogopa kweli. Kwa sababu kama wote wameshindwa, furushi linakwenda wapi? Nilimwuliza mama. Akaniambia nipalilie.

Mvua iliporudi, mama ndiye aliyeona kwanza. Alisimama katikati ya shamba, mikono kiunoni, akaita, "Njooni muone mambo!" Tukakimbia wote. Pale pale ilipopita kamba, mistari michache ya mahindi ilikuwa imesimama kijani kibichi, minene, inang'aa, imewazidi ndugu zake wa pande zote mbili. Tulipiga kelele hadi majirani wakatoka!

Na hapo ndipo vita ilipoanza upya, maana kila mmoja akadai mistari ile ni yake.

"Hii iko kwangu," baba akasema. "Tazama kamba."

"Kamba imelegea! Samadi yangu ndiyo hiyo inaonekana, unafumbia macho?"

"Na punje zangu je, mayu?"

"Masanja, nimekuzaa mimi, usinidhulumu mahindi!"

Mama akaanza kucheka. Akacheka mpaka akakaa chini kwenye udongo. Bibi akamtazama, midomo ikamcheza, akaangua kicheko na yeye, na baba aliyekuwa amejikaza kiume akashindwa. Tulicheka familia nzima katikati ya shamba lililotushinda, na wala sikumbuki nani alinyamaza kwanza.

Jioni ile bibi alifungua furushi. Jembe akalirudisha pembeni, blanketi akalitandika kitandani, nami nikaruka juu yake kabla wadogo zangu hawajawahi. Mwaka uliofuata zizi lilihama, na halikujengwa kwa magogo kamwe. Samadi ililundikwa kiangazi chote ioze, ikafunikwa majani, ikatangulia shambani. Chumvichumvi ya baba ilisubiri mahindi yafike magotini na udongo uwe na unyevu, nayo ikawekwa kizibo kimoja, mbali kidogo na shina, na bibi mwenyewe alisimama nyuma ya baba kuhakikisha kizibo hakina mlima. Tulivuna, jamani! Ghala lilikataa kufunga mlango.

Leo mashamba ya huku mengi yamechoka. Wengi tuliuza ng'ombe, tukabaki na mfuko wa mbolea peke yake mwaka baada ya mwaka, na udongo ukawa mkavu, unapita vidoleni kama majivu. Na mimi nilifanya hivyo hivyo. Binti yangu Limi ana duka la pembejeo Bariadi mjini, anauza mifuko, na siku hizi anauza na chupa za vijidudu vya kulisha udongo. Vijidudu! Anavichanganya na molasi ndani ya dumu, anavifunika, anavichungulia, anavipiga picha. Sisi tulikuwa na vijidudu vingi tu chini ya nyayo zetu na hakuna aliyevipiga picha. Nikimcheka ananiambia, "Mama, pima udongo kwanza, ndipo ucheke." Na kweli alikuja akachota udongo wangu, akaupeleka kupimwa, akarudi ananieleza una nini na umepungukiwa nini.

Kisha nikanunua tena ng'ombe wachache, na juzi akanipigia simu. "Mama, wale ng'ombe ulionunua, kwa nini tusihamishe zizi?"

Nilikaa chini. Mimi sikuwahi kumwambia kwamba ni lazima zizi lihame. Nilimsimulia tu alipokuwa mdogo, nikidhani amesinzia.

Basi kesho tunahamisha! Miiba imekatwa, michembe imelowekwa, wajukuu wamekuja na simu zao na wameshaanza kulalamika harufu. Nitaingia wa kwanza, peku, na kuimba nitaimba hata sauti ikikwama. Mvua zikija, samadi itatangulia na kizibo kitafuata, huku na huku, shamba zima. Kamba ya katani haihitajiki tena, siku hizi lote ni mpaka. Ila baba na bibi wamekwishalala zamani, na mahindi yatakaposimama mazuri vile, sijui nani atakuja kuniambia ni yake.