Saa Sabini na Moja za Taa

Jumatatu, tarehe tisa Juni. Manyunyu tangu alfajiri, yakakatika saa nne, upepo mdogo.

Asubuhi hiyo mkuu wa shule alishuka hadi stoo yeye mwenyewe, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu chaki zilipoloa maji mwaka juzi. Mkononi alikuwa na barua. Mtunza stoo, ambaye shule nzima ilimwita Mama Stoo, alijifuta mikono, akaipokea, akaisoma taratibu hadi kwenye muhuri. Ilisema mkaguzi angekuja Alhamisi ya tarehe ishirini na sita. Shule ambayo projekta yake ingekutwa haijafikisha saa mia moja za kazi ingenyang'anywa, ipewe shule nyingine. Kudanganya kusingefaa kitu, kwa sababu mashine yenyewe huhesabu saa ambazo taa yake imewaka.

Wakalifungua kabati. Projekta ilikuwa rafu ya katikati, imefunikwa kitambaa cheupe ambacho Mama Stoo alikitarizi maua kwa mkono wake. Miaka miwili shuleni, na haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Wakaiwasha, wakaitafuta hesabu. Tangu itoke kiwandani, taa ilikuwa imewaka saa sita tu.

Sababu zilikuwa mbili, na ya kwanza ilikuwa imesimama pale pale, imevaa koti la bluu na kushika funguo. Mwalimu aliyetaka projekta alijaza fomu, akatafuta sahihi tatu, akanawa mikono mbele ya Mama Stoo, akaahidi kuirudisha kabla ya mapumziko. Wengi walipofikia sahihi ya pili, kengele ilikuwa imeshalia.

Sababu ya pili ilikuwa yaliyompata Mzee Ramani, mwalimu wa jiografia, mtu wa umri wa kustaafu aliyeweza kuchora bara zima ubaoni huku akitazama dirishani. Mwaka uliotangulia alizipata sahihi zote tatu, akaipeleka projekta darasani, na picha ikatoka kichwa chini, miguu juu. Kidato cha pili wakapinda shingo wote kwa pamoja, wakatulia hivyo hadi kipindi kikaisha. Mwezi mzima, kila alikopita, wanafunzi walimwamkia wakiwa wamepinda shingo. Baada ya hapo walimu wengine wakagundua kwamba wanapenda sana chaki.

Mkuu alikuwa ameshapata dawa. Iwashwe humo humo stoo, imulike ukutani tangu asubuhi hadi jioni, na katika kitabu cha matumizi iandikwe "kipindi".

"Lakini mkuu, ukuta sio darasa," Mama Stoo akasema.

"Ni ukuta wa shule, mama. Hauchelewi, haupigi kelele, hauombi ruhusa ya kwenda chooni. Ningekuwa na wanafunzi kama huo, ningelala usingizi."

Mama Stoo alitii, kwa sababu mashine ile aliipenda, na katika miaka kumi na tisa hakuna kitu kilichowahi kutoka mikononi mwake kwa aibu. Jumanne akaiwasha, akakaa akiutazama mraba ule wa mwanga, ukubwa wa shuka, hauna kitu ndani yake. Roho ilimuuma kama aliyeacha bomba wazi. Jioni alifungua kitabu na kalamu yake ikakataa neno "kipindi". Akaandika: "Saa sita. Mwalimu: hakuna. Mwanafunzi: ukuta mtupu. Kwa agizo la mkuu."

Jumatano Mzee Ramani akaja kuomba chaki mbili. Akapewa, akasimama, akautazama ukuta, akaondoka. Baada ya nusu saa akaja kuomba nyingine mbili. Alipokuja mara ya nne, mifuko ya koti lake ilikuwa imevimba.

"Mwalimu, chaki unazitafuna?"

Mzee Ramani akachungulia nje kama kuna mwanafunzi, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama dude lile bado linapindua picha. Mama Stoo hakufikiri hata kidogo. Akavuta kijitabu cha maelekezo, ambacho alikuwa amekisoma mara mbili siku ileile kilipofika, akafungua ukurasa wa thelathini na moja. Akaeleza kwamba mtu akigusa kitufe fulani, mashine hudhani imening'inizwa darini, basi hugeuza picha. Akabonyeza mara mbili, picha ikakaa sawa.

Mzee Ramani akaitazama picha, kisha akamgeukia.

"Mwezi mzima nilipindiwa shingo," akasema, "na wewe ulikuwa unajua?"

"Hukuniuliza, mwalimu."

"Niliuliza, binti. Ukanipa fomu."

Mama Stoo hakubisha. Akainuka, akachukua lile bunda la fomu mezani, akaliweka chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi, meza ikaacha kuyumba. Kisha akamvutia mwalimu kiti.

Wakaanza. Mama Stoo alikuwa amewahi kuwa mwanafunzi wa mzee huyo, na kila alipoharakisha, Mzee Ramani alimwambia aende polepole, asije akafanya kama ule mto wake wa kidato cha pili uliochorwa ukipanda mlima. Wakawasha na kuzima mara kumi na moja. Ukuta haukucheka.

Habari hizo hazikutangazwa, lakini wiki iliyofuata walimu walishikwa na kiu ya chaki isiyo ya kawaida. Mwalimu wa kemia alikuja kuuliza kwa niaba ya rafiki yake, na rafiki huyo alihitaji kuelezwa mara tatu. Mama Stoo aliwapa kila mmoja kiti na muda wake, akaandika yote. Mzee Ramani alirudi kwa wanafunzi wale wale, sasa kidato cha tatu, na picha iliyokaa wima. Darasa likapinda shingo kwa mazoea. Akawaambia, "Leo mtaumia bure," akaendelea na maporomoko ya maji.

Ijumaa jioni hesabu ilikuwa saa hamsini. Mkuu akataka mashine iachwe ikiwaka Jumamosi na Jumapili. Mama Stoo akasema hapana.

"Unataka iondoke, mama?"

"Sitaki. Lakini kitabu hiki nimekiandika miaka kumi na tisa, mkuu. Siwezi kuanza kukidanganya leo."

Akaizima, akafunga mlango, na usiku hakula vizuri.

Alhamisi mkaguzi akaja, mtu mwembamba mwenye miwani. Akasoma hesabu ya taa: sabini na moja. Mkuu akakohoa. Mkaguzi akaomba kitabu, akasoma bila haraka: "Mwalimu wa jiografia, saa moja, amefanikiwa kuwasha. Mwalimu wa kemia, dakika arobaini, amefanikiwa kuzima tu. Mwalimu wa kemia, saa moja, amefundisha chumvi darasani, hakutetemeka." Akarudi nyuma kurasa mbili.

"Hapa pameandikwa ukuta mtupu. Ni nini?"

"Ni ukuta mtupu," Mama Stoo akajibu.

Mkuu akakohoa tena, kwa muda mrefu zaidi. Mkaguzi akavua miwani. Akasema amepita shule nane, zote zina zaidi ya saa mia, na katika nne kati yake hakupatikana mwalimu wa kumwonyesha swichi. Akamwomba Mzee Ramani awashe. Mzee Ramani akawasha, akapindua picha makusudi, akamtazama mkaguzi akipinda shingo, kisha akaiweka sawa.

"Hii ibaki," mkaguzi akasema, akiisugua shingo yake.

Ijumaa, tarehe ishirini na saba, hakukuwa na wingu. Mama Stoo alifungua stoo nusu saa mapema. Mzee Ramani alikuwa mlangoni na mfuko wa chaki, zake na za walimu wenzake, vipande arobaini na vitatu, vyote vizima. Mama Stoo akavihesabu, akaviandika kuwa vimepokelewa, akavirudisha kwenye boksi la chaki, na juu yake akatandika kile kitambaa cha maua. Kisha akaitoa projekta kabatini, akamnyooshea bila fomu wala sahihi. Macho yake yakashuka kwenye viganja vya mwalimu, vyeupe kwa vumbi la chaki, yakabaki pale pale. Mzee Ramani akashusha pumzi, akaenda bombani, na Mama Stoo akamngoja, mashine kifuani.