Wimbo Usio na Tope

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Hosea Gatewood anafumba macho na kutia ulimini kipande cha kambare.

Hakuna chumvi, hakuna limau. Samaki ametoka majini nusu saa iliyopita, akapashwa moto ndani ya mfuko wa karatasi. Dereva aliyemleta amesimama mlangoni, kofia mkononi. Bwawa zima linasubiri ulimi wa mtu mmoja.

Hosea anatafuna. Anatema kwenye ndoo.

"Ana tope. Wabaki bwawani."

"Mzee Gatewood, wiki ya tatu hii. Bosi atanila mimi badala ya samaki."

"Mwambie akuonje kwanza."

Hosea ana miaka sitini na mitatu. Kwa miaka ishirini na tisa hii ndiyo kazi yake katika kiwanda cha samaki cha Tarsley, Mississippi: kuonja hadi samaki arobaini kwa siku, kwa dola kumi na sita kwa saa, ili ladha ya tope isifike mezani kwa watu. Havuti sigara. Hali pilipili siku za kazi. Jumamosi huwa mtu mwingine: huvaa gitaa lake jekundu la umeme na kuimba blues katika kilabu cha barabara ya kanisa, mpaka mbao za sakafu zinalalamika.

Mwezi huu albamu yake ya kwanza imetoka. Ina nyimbo kumi. Tisa zilirekodiwa kwa siku mbili. Wa kumi ulichukua miezi mitano.

Wimbo huo ni shukrani kwa dada yake, Ozella, mwenye miaka sabini na minane.

Mama yao alifariki Hosea akiwa na miaka tisa. Ozella, aliyekuwa na ishirini na minne, akamchukua. Mchana alipalilia pamba. Jumamosi alicheza kilabuni, na wilaya nzima haikuwa na mwanamke wa kushindana naye.

"Nikiingia, watu walipisha sakafu," anasema Ozella, akikunja leso yake. "Hilo msiliandike. Mchungaji husoma magazeti."

Miaka miwili baadaye Hosea aliugua nimonia. Siku ya nne hakumtambua hata dada yake. Ozella akapiga magoti kando ya kitanda na kuweka nadhiri: mtoto akipona, mguu wake hautaingia kilabuni tena.

Mtoto akapona. Ozella hajaingia tangu siku hiyo. Hata hivyo, Hosea alipofika miaka kumi na mitatu, ni yeye aliyemnunulia gitaa la kwanza.

Nyumbani kwa Ozella hupigwa nyimbo za kanisa tu. Kwa hiyo mdogo wake alipata jina kwa muziki ambao dada alikuwa hajawahi kumsikia akiupiga. Na mwaka jana daktari alimwambia Ozella kwamba sikio la kushoto limekwisha, na la kulia linafuata.

"Kuimba sifa za mtu juu ya kaburi ni rahisi," anasema Hosea. "Mimi nilitaka asikie."

Marquita Deloach, fundi wa sauti, alikuwa amefunga vyombo vyake humo kilabuni. Baada ya kurudia wimbo ule mara ya saba, alivua vifaa vya masikioni.

"Mzee Hosea, huu umekaa vizuri. Twende nyumbani."

"Una tope."

"Tope gani? Kila noti iko mahali pake."

"Nauimbia ukuta."

"Basi albamu itoke na nyimbo tisa. Mwisho wa Mei vyombo nimeviahidi kwingine."

Hosea alikuwa akiutazama waya wa gitaa lake, ule mrefu anaoutumia kupita katikati ya meza akipiga. Siku mbili baadaye alirudi na nyaya nyingine. Waliziunga, wakazipitisha mlangoni hadi nje.

Jumamosi ya mwisho ya Mei, saa kumi jioni, Ozella alitoka mazoezi ya kwaya na kuegesha gari mbele ya kilabu. Injini aliiacha ikiunguruma, kama mtu aliyekuja kuiba benki.

"Zima gari, dada."

"Nikizima nimekuja kukaa. Sijaja kukaa."

"Marquita anarekodi."

Ozella akazima. Akahamia kiti cha abiria, akashusha kioo, sikio lake lililobaki likaelekea dirishani. Hosea akasimama hatua moja kutoka kwake, kipaza sauti mbele yake, spika ya gitaa ikinguruma ndani ya kilabu, akaimba:

*Miguu yako ilitulia ili yangu itembee,*
*Nasema miguu yako, dada, ilitulia ili yangu itembee,*
*Leo waya umevuka kizingiti, wimbo wako ukupokee.*

Katika ubeti wa tatu Marquita alisikia kitu kikigonga: ko, ko-ko, ko. Akadhani waya umelegea. Akachungulia dirishani.

Vilikuwa viatu vya kanisa vya Ozella, vikigonga sakafu ya gari.

Wimbo ulipokwisha, Hosea alilamba midomo, kama afanyavyo kiwandani.

"Hauna tope," alisema.

Marquita alijitolea kuiondoa ile sauti ya viatu. Hosea alikataa. Iko humo, na anayesikiliza vizuri ataipata.

"Niliahidi miguu haitaingia," anasema Ozella. "Sikuahidi haitacheza." Albamu yote ameisikiliza mara nne, karibu kabisa na spika. "Nampenda mdogo wangu. Lakini wimbo wa sita una tope, mwambieni."

Hosea anacheka mpaka anafuta macho. Kisha anaeleza mpango wake. Jumamosi ya kwanza ya Oktoba ataisherehekea albamu katika uwanja ulio wazi kati ya kilabu na kanisa. Waya mpya ameshanunua. Kutoka mlangoni hadi katikati ya uwanja ni hatua sabini na mbili, amezipima mwenyewe.

"Pale hapana mlango wa kuingia," anasema. "Nimemwambia avae viatu vya kuchezea."

Ozella anatikisa kichwa.

"Nilivigawa vyote, miaka mingi iliyopita." Anainyoosha leso yake, anaikunja tena. "Ila mguu wangu ni ule ule, namba saba. Anajua."